Chuma Hakiingii Mtumbwini

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyooa, mwanangu, na bibi yako analijua hilo na alishanisamehe. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, kwetu Muleba, mvua imekatika na migomba bado inadondosha maji. Nilisimama mbele ya mitungi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyokuwa iende ukweni kwa kaka yangu, nikaondoa majani yaliyofunika mdomo wa mtungi wa kwanza, nikachungulia. Rubisi ilikuwa nyeusi. Haikuwa na ile rangi ya dhahabu iliyoiva tunayoijua, ilikuwa nyeusi kama maji yaliyooshea sufuria ya kuni. Nikafunua mtungi wa pili. Nyeusi. Wa tatu sikuufunua.

Nakuandikia habari hii kwa sababu ya swali lako. Juzi ulinipigia simu kutoka chuoni, ukasema wewe na wenzako wa uhandisi mmefika mwaka wa mwisho, mnatakiwa mfanye utafiti na mtengeneze kitu cha kuwafaa watu, nanyi mmechagua mashine ya kukausha kahawa. Ukasema michoro imekamilika, vyuma mmeanza kutafuta, na chuo kikifungwa mtaileta kwa akina mama wa Nyanga na kule Muleba waijaribu. Halafu ukaniuliza, kwa ile sauti yako ya kunibembeleza, kama babu ana neno. Neno ninalo, Kemilembe. Ila halisemeki kwenye simu, maana una tabia ya kusema "sawa babu" kabla sijafika katikati.

Mimi shule niliiacha kabla sijajua kugawanya namba kubwa. Sioni haya kulisema, wala silisemi kama sifa. Sifa yangu ni kwamba gereji ya Kashai, nyumba unayolala ukija Bukoba, na ada za baba yako, vyote vimetoka kwenye mikono hii, na hakuna mtu aliyenishika mkono kunionyesha mlango. Kwa hiyo nitasema kavu, kama ninavyosema na mafundi wangu. Na wenzako nao wasome, hata yule kijana wa Dar aliyekuja nawe likizo iliyopita, aliyeigusa migomba yangu kama mtu anayekagua nguzo za umeme.

Huyo na wenzake wasiotoka Kagera kwanza niwaeleze. Kwetu ndizi si za kupika tu. Kuna ndizi za kukamua, tunaziita embire, unazivundika shimoni ndani ya majani makavu mpaka ziive sawasawa. Ukishazitoa, unazimenya kwa mkono, unazimwaga kwenye mtumbwi, na mtumbwi huu si wa ziwani, ni gogo lililochongwa shimo refu. Unatia nyasi ngumu, unaosha miguu, unaingia, unakanyaga. Nyasi zinaikwangua ndizi na juisi inajitenga. Juisi hiyo unaichanganya na unga wa mtama uliokaangwa, unafunika, kesho yake una rubisi. Hakuna posa, hakuna harusi, hakuna kumaliza matanga bila rubisi. Mwanamume anayekwenda kuoa na rubisi mbaya anatangaza mwenyewe kwamba kwao hakuna watu.

Na kukanyaga ni kazi, waitu, ndugu zangu. Jua linakuchoma mgongo, nyasi zinakukata nyayo, kiuno kinalia. Mimi niliichukia tangu utotoni. Nilipopata kazi ya kushika spana kwenye gereji moja Kashai, nikajifunza kuchomelea, wazo la kwanza lililonijia halikuwa gari. Lilikuwa mtumbwi. Nikajiambia, dunia hii watu wametengeneza mashine ya kushona, mashine ya kusaga, mimi nitashindwaje kutengeneza miguu ya chuma?

Nikaitengeneza. Nilichukua pipa la mafuta, nikalisugua kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa. Nikatoboa matundu chini. Nikachukua skrubu ya jeki ya lori, nikaichomelea bamba zito la chuma, na ndani nikafunga visu vya springi za lori, vinazungushwa kwa mkono. Nyasi nilitia, usinidhanie mjinga, nimezaliwa kwenye kibanja, shambani katikati ya migomba. Siku niliyoijaribu pale gereji watu walijaa. Madereva, wauza samaki, hata kasisi mmoja aliyekuja kuziba pancha. Nikatia ndizi, nikazungusha, nikakaza skrubu, juisi ikatiririka safi, tamu, inang'aa. Watu walikunywa palepale wakalamba vidole. Bosi wangu, mtu asiyejua kusifu, alisema, "Kijana, umeua kazi ya miguu." Nikavimba kama andazi.

Angalia hapo, mwanangu. Walikunywa palepale. Nitalirudia baadaye.

Kaka yangu Mutasingwa alikuwa anaoa. Msichana alitoka upande wa pili wa bonde letu, kwa mzee mmoja Mkatoliki wa kibanja kikubwa, kahawa zake zimesimama kwa mistari kama askari. Mzee huyo alikuwa na jina. Alishawahi kuwarudisha wachumba na mitungi yao, akasema nyumba isiyojua kukamua ndizi haitajua kumtunza binti yake. Mutasingwa alimpenda yule msichana kiasi cha kupungua mwili. Rubisi ilitakiwa ifike Jumapili baada ya misa. Mimi nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema kazi ya kukamua niachieni, ninayo mashine.

Aliyekataa alikuwa mmoja, Ta Kaijage, kaka mkubwa wa baba yetu. Huku kwetu mzee anaheshimiwa kwa kuitwa Ta, na yule alistahili Ta mbili. Ndiye aliyekuwa mkamuaji wa kijiji kizima, mrefu, mkali, na ulimi wake ulikuwa unachuna ngozi. Alikuja akalizunguka pipa langu, akaligonga kwa fimbo, akasema neno moja tu, kwamba chuma hakiingii mtumbwini. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hakiingii. Nikasema, baba mkubwa, hiyo si sababu. Akasema alikatazwa na baba yake, na baba yake alikatazwa na baba yake, hata kisu cha kumenyea hakitumiki, ndizi inamenywa kwa mkono. Mimi nikacheka. Nikawaambia vijana wenzangu kwamba wazee wanaogopa chuma kwa sababu zamani chuma kilikuwa cha wafua vyuma na watawala, sasa chuma ni cha kila mtu. Maneno hayo niliyapenda, nikayarudia kila nilipopata watu.

Kulikuwa na mwiko wa pili pale mtumbwini, uushike, utatukuta mbele. Mwanamke hakanyagi. Anaweza kubeba maji, kumenya, kukaanga mtama, kuchuja, lakini akitia mguu mtumbwini, walisema, rubisi inachacha na ndoa inachacha. Hilo nalo ukiuliza sababu, jibu ni lilelile.

Basi Alhamisi nikakamua kwa mashine. Kazi iliyokuwa ichukue kutwa ya wanaume, niliimaliza mapema nikapata na muda wa kukaa nikijitazama mikono. Tukatia mtama, tukafunika. Na Ijumaa asubuhi ndiyo hiyo niliyoanza nayo.

Mutasingwa alikuja nyuma yangu, akachungulia. Alikaa chini pale kwenye matope na suruali yake nzuri. Angenipiga ningepona. Nikaonja. Ilikuwa kama kulamba msumari.

Walimwita Ta Kaijage. Alipofika, kinywa changu kilikuwa kimetangulia mguu. Nikasema ndizi zilivundikwa vibaya. Nikasema mtama uliungua. Nikasema maji ya kisima. Alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia, akachota kwa kata, akasukutua, akatema.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikasema nimemaliza.

"Nilipokukataza ulicheka. Sikukasirika kwa kucheka, kijana akicheka meno yanapata hewa. Nakasirika kwa jambo jingine. Mwiko ni kovu. Mtu akikwambia usipite pale, kuna aliyewahi kupita akaumia. Wewe umeliona kovu, ukalicheka, hukuuliza jeraha lilikuwa la nani."

Nami nilikuwa na kiburi, mwanangu, kiburi hakiishi kwa kumwagiwa maji mara moja. Nikamjibu, "Nilikuuliza, baba mkubwa. Ulisema hakiingii. Basi."

Wazee waliokuwa pale waliguna. Kumjibu Ta Kaijage hivyo lilikuwa jambo la kuchapwa hata ukiwa na ndevu. Nilidhani fimbo inakuja. Badala yake alikaa juu ya ukingo wa mtumbwi wake wa zamani, ule niliokuwa nimeutupa nyuma ya jiko.

"Kweli uliniuliza," akasema. "Na mimi sijui. Nilikatazwa, nikakataza. Umri wote huu sijauliza hata mara moja. Tuna makosa sisi wawili hapa, wewe la kurukia na mimi la kukalia. Bojo, tafadhali, nileteeni ndizi."

Mwanangu, nimefanya kazi na watu wenye vyeti na watu wasio na vyeti. Wanaoweza kusema "sijui" mbele ya watu wanaowaheshimu ni wachache, na nimejifunza kuwaamini hao tu. Kuuliza si ujinga, tunasema. Nami naongeza kwamba kukosa jibu si aibu, aibu ni kulificha pengo lake kwa ukali.

Sasa ndizi. Zetu zilikwisha, zote zilikuwa zimegeuka wino. Jirani mmoja, mama mjane, alikuwa na shimo lililoiva la kumalizia matanga ya mumewe. Alitupatia. Akasema marehemu atangoja, alikuwa mtu wa kungoja. Lakini wanaume wa kukanyaga hawakuwapo. Siku hiyohiyo kulikuwa na maziko ng'ambo ya bonde, wote wenye nguvu walikwenda kuchimba kaburi, na maziko huku hayasubiri harusi ya mtu. Baba alikuwa na mguu mbovu. Ta Kaijage magoti yalishakataa. Mutasingwa alikuwa ametumwa kwa mshenga kutuliza mambo. Nilibaki mimi, na jua linapanda, na rubisi ya ukweni inataka kulala siku mbili, isipotiwa mtama kabla ya jioni haitakuwa rubisi Jumapili, itakuwa juisi ya watoto.

Dada yangu Kemilembe, ambaye wewe unabeba jina lake, alikuwa anamenya ndizi pembeni. Alikuwa na miguu mirefu na maneno mafupi. Akanawa miguu kwenye beseni, mbele ya watu wote, polepole, ili kila mtu aone anachokifanya.

Mama akamuuliza anafanya nini.

"Nanawa," akasema.

"Unanawa uende wapi?"

"Ndani ya mtumbwi, mama. Au tumrudishie yule mzee binti yake kabla hatujampata?"

Mama akashika kichwa. Wote tukamgeukia Ta Kaijage. Ungeweza kusikia nyuki kwenye maganda. Yule mzee alichezesha fimbo yake kwenye udongo, halafu akatoa kicheko kidogo cha puani, cha kwanza kukisikia kwake.

"Leo ni siku ya makovu," akasema. "Tuyafunue yote. Lakini si ovyo."

Na hapa ndipo ninapotaka macho yako yote, kwa sababu alichokifanya yule mzee, asiyejua kuandika jina lake, ndicho ninachokiona kikiwakosa vijana wengi wanaokuja gerejini na michoro mizuri. Hakusema tu kwamba akanyage tuone. Alisema mtumbwi utakanyagwa kwa zamu. Ndizi za shimo lile lile zigawanywe, nyasi zile zile, mtama wa chungu kile kile. Awamu moja nikanyage mimi, juisi iende mitungi ya upande huu. Awamu nyingine akanyage Kemilembe, juisi iende upande ule, na mitungi yake ifungwe uzi wa mgomba shingoni. Halafu akaomba vikombe viwili vya bati, akavikataa kwa sababu bati nalo ni chuma, akaomba vibuyu. Akachota juisi ya mtumbwini, akatia kwenye vibuyu vyote viwili sawasawa. Akaniambia, lete msumari. Nikaleta msumari mpya wa mbao. Akautia kwenye kibuyu kimoja, kingine akakiacha. Akavifunika, akaviweka juu ya rafu ya mama pamoja, ili kimoja kisipate joto na kingine baridi.

Nikakanyaga, nikamwachia dada, akakanyaga, akaniachia. Alikanyaga vizuri kuliko mimi, sitakuficha, alikuwa mwepesi wa visigino. Alikuwa ananitania kwamba mashine yangu inaitwa nani, maana ukoo ungependa kuipa jina kabla ya kuizika. Nyayo zilituwaka. Nilipotoka mtumbwini nilikuwa nimekumbuka kwa nini niliichukia kazi ile, na nilikuwa nimejua mambo ambayo sikuyajua nilipokuwa natengeneza pipa. Kwamba mguu haukamui, unasugua. Kwamba kisigino kinasikia ndizi bado ngumu na kinairudia. Kwamba kuna wakati wa kusimama uache juisi ishuke. Yote hayo ningeyajua kabla, kama ningeuliza miguu yangu mwenyewe badala ya kuikimbia.

Jumamosi tukafunua. Kwanza vibuyu. Kile kisicho na msumari kilikuwa vilevile, rangi ya dhahabu. Kile chenye msumari kilikuwa cheusi, na msumari umevaa ukoko mweusi kama kidole kilichochezea mkaa. Nikakishika kibuyu kile nikajiona humo ndani. Pipa langu lote lilikuwa msumari mmoja mkubwa. Siku ile ya gereji watu walisifu kwa sababu walikunywa palepale. Hakuna hata mmoja aliyengoja kesho, na rubisi ni kitu cha kesho.

Kisha mitungi. Ta Kaijage aligeuka akaangalia ukuta, akasema nimletee kata bila kumwambia ni ya upande gani. Nikamletea. Akaonja, akafikiri. Nikamletea nyingine, kisha nyingine, nikichanganya. Mama alikuwa anasali kwa midomo. Mwishowe mzee akasema zote ni nzuri, ila hii aliyoishika sasa ndiyo itangulie mbele, hii ndiyo apewe yule mzee wa ng'ambo. Nikatazama shingo ya mtungi. Ulikuwa na uzi wa mgomba.

Nilipomwambia, hakushangaa kama nilivyotaka ashangae. Akasema tu, "Basi hili halikuwa kovu. Hili lilikuwa woga wa mtu mmoja, tukaurithi wote." Unajua ule msemo, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hiyo ndiyo habari ya miiko, mwanangu. Kuna iliyotokana na nyoka, na kuna iliyotokana na unyasi. Kwa macho huwezi kuitofautisha. Inabidi uweke vibuyu viwili.

Jumapili tulivuka bonde. Yule mzee wa kahawa alipokea kata kwa mikono miwili, akanywa, akafumba macho. Sisi tulikuwa tumesimama kama watu wanaosubiri hukumu, Mutasingwa anatweta. Mzee akauliza ni nani aliyekanyaga. Dada yangu alikuwa nyuma na mzigo kichwani, anatazama chini, na nilimwona mabega yakimtikisika kwa kicheko. Ta Kaijage akajibu, "Watoto wetu, waitu, wana miguu mizuri." Yule mzee akaitikia kwa kichwa akasema inaonekana. Akaomba kata ya pili. Ndoa ile ilizaa watu unaowaita baba wadogo na shangazi, na haikuchacha mpaka shemeji yangu alipotutangulia.

Mashine yangu sikuizika. Nilirudi Kashai, nikaikata. Nilijifunza kukanyaga upya, safari hii kwa kusudi, likizo baada ya likizo. Pipa nikaliacha, nikatumia mbao za mti wa msizi kwa kila mahali panapogusana na juisi, na badala ya visu nikachonga vidole butu vya kusugua, vinakwenda na kurudi kama kisigino. Ilinichukua muda mrefu na niliharibu ndizi nyingi. Kila nilipobadilisha kitu nilijaza kibuyu na kukiacha mpaka kesho, na kesho ikanikatalia mara nyingi kuliko ilivyonikubalia. Ilipokubali, watu walikuja toka Muleba yote, na wa kwanza kuja alikuwa mzee wa ng'ambo ya bonde. Kutoka hapo ndipo gereji yangu ilipoanza, na wewe ukapata babu wa kumwita tajiri mbele ya marafiki.

Kwa nini chuma kinaigeuza ndizi kuwa nyeusi, mimi nilikaa bila kujua mpaka ulipokuja wewe. Mwaka jana ulikaa pale barazani, unamenya ndizi na kisu cha bibi yako, ukaniambia kuna kitu ndani ya ndizi, kile kinachokaza ulimi ikiwa mbichi, na kitu hicho kikikutana na chuma vinashikamana vikatoa wino. Ukasema zamani watu waliandikia wino wa namna hiyo. Ulisema kama jambo dogo tu, ukaendelea kumenya. Nilikuwa namkumbuka Ta Kaijage, aliyekufa akiwa na "usifanye" na bila "kwa sababu", nikatamani angekuwepo akusikie. Sisi tulijua kovu. Wewe umelijua jeraha. Hapo ndipo nilipoona ada ya shule haikupotea.

Kwa hiyo sasa nikuambie, wewe na wenzako, na yule wa Dar.

Michoro yenu ifungieni kwanza sandukuni. Njooni kabla hamjakata chuma hata kipande. Nendeni Nyanga, nendeni kwa akina mama wa Muleba, mkae nao kipindi cha kuvuna, na kabla ya kuwaeleza mnachotaka kutengeneza waombeni kitu kimoja, wawaambie makatazo yao. Kahawa isianikwe wapi. Isichanganywe na nini. Isiguswe lini. Watacheka kidogo, watawaita bibi zao, mtapata mengi. Msiyacheke na msiyaabudu. Kila moja liulizeni kovu la nani. Wakisema hatujui, furahini, maana hapo ndipo kazi yenu inapoanzia. Wekeni vibuyu viwili, kimoja chenye katazo na kimoja bila, vingine vyote sawa. Na anayeonja asijue anaonja kipi, hata akiwa mwalimu wenu, na hasa akiwa mwalimu wenu.

Geuzeni kahawa kwa mikono yenu juani mpaka shingo iungue. Ikimbizeni mvua, maana mvua ya Bukoba haipigi hodi, na mashine iliyokausha vizuri kwenye kiangazi cha chuo bado haijajaribiwa. Kitu kinachotakiwa kiishi msimu mzima kijaribuni msimu mzima. Siku ya maonyesho watu watapiga makofi, na makofi ni matamu kama juisi ya palepale. Yapokeeni, halafu ngojeni kesho.

Kitu kikiwakataa, msikimbilie kusema ndizi zilivundikwa vibaya. Mimi niliyasema yote yale, hakuna hata moja lililoosha mtungi. Na ukiulizwa neno usilolijua, Kemilembe, sema hujui. Mtu mkubwa kuliko sisi sote alilisema akiwa amekaa kwenye ukingo wa gogo, na hakuna siku niliyomheshimu zaidi.

Watakuwepo watakaokuambia uhandisi si wa mwanamke, na kwamba ukitia mguu kitu kitachacha. Usipoteze muda kubishana nao. Nawa miguu, polepole, waone, halafu ingia. Kesho itaonja yenyewe.

Mungu akupe mikono yenye subira na masikio yasiyochoka. Akupe wazee wakali watakaokukataza, na ujasiri wa kuwauliza, na akuvumilishe majibu yao. Miguu aliyokuwa nayo dada yangu, wajina wako, iwe yako. Kazi yako isimame wakati makofi yameisha na mvua imeanza. Na siku utakayoniletea mashine hiyo hapa Kashai, nikabidhi kahawa yake, unisalimie, ule, ulale. Nisipokusifu jioni hiyo usinune. Nitakuwa nimeifunika rafuni, nangoja asubuhi.